Benki yataka kunihamisha kwa akaunti ya "praiveti", kuna maana ama ni jina tu?

binti_wa_leso
Assalam aleikum wakubwa na wadogo, nisaidieni na hili manake kichwa chanizunguka. Mie nina duka la leso na madera hapo Biashara Street Mombasa, si kubwa sana lakini alhamdulillah siku zasonga. Mzigo naagiza India na China, kila miezi mitatu hivi natuma kama dola 40,000. Sasa wiki jana nikapigiwa simu na benki yangu, kijana mpole kweli yuwaongea kama anaposa, ati wameona akaunti yangu yaenda vizuri wataka kunipeleka praiveti. Nitapata meneja wangu mwenyewe na namba yake ya mkononi, foleni basi tena, kadi nyeusi, launji ya bure pale Moi airport nikisafiri, RTGS (ile ya kutuma pesa nyingi benki kwa benki) bila chaji na reti nzuri ya dola. Nikamuuliza na mie natoa nini, akazungukazunguka mwisho akasema balansi isishuke shilingi milioni 3, ikishuka nakatwa 5,000 kwa mwezi. Sasa hivi niko na akaunti ya kawaida ya biashara, nalipa vichaji vyangu na foleni nishaizoea. Hizo milioni 3 huwa zipo lakini si za kukaa, ni pesa za mzigo, zaingia zatoka. Mume wangu asema nichukue ni heshima. Mamangu asema heshima haipikwi. Nyie mwasemaje?

hesabu_za_jioni
Waleikum salam dada. Mamako apewe kiti cha meneja huko huko benki.

Hebu tupige hesabu kidogo. Milioni 3 ikilala kwa akaunti ya kawaida haizai kitu. Pesa hiyo hiyo ukiitia T-bill, yani uikopeshe serikali kwa muda mfupi, tuseme kwa asilimia 8 kwa mwaka (reti hupanda na kushuka, nimechukua namba rahisi tu), ni 240,000, KRA (watu wa kodi) wakate yao asilimia 15 ya hiyo riba, wewe wabaki na 204,000. Gawa kwa miezi 12 ni 17,000. Hiyo ndio bei ya praiveti yako kila mwezi, na hutaiona kwa stetimenti hata siku moja manake si chaji, ni pesa ambayo haikuja. Halafu angalia kichekesho chenyewe, ukishusha balansi ukakatwa 5,000 kila mwezi ni 60,000 kwa mwaka, yani kuvunja sharti lao ni rahisi kuliko kulitii 😂 ndio maana uliza pia ukishusha miezi kadhaa wanakuacha ama wanakurudisha kwa foleni kimyakimya.

Na kitu kingine, hiyo si praiveti kama ile ya Uswisi ambako mtu yuwasimamiwa mali yake yote, hisa, majumba, mirathi na nini na nini. Hii ni akaunti ya kawaida imevishwa kanzu ya Idi.

Kilindini_mchana_usiku
Hesabu nakuheshimu lakini wewe wapiga hesabu ukiwa umekaa. Mie ni kazi ya clearing, natolea watu mizigo bandarini, niko kwa praiveti mwaka wa sita na sitoki. Mwaka juzi siku ya Ijumaa baada ya swala nimetuma ushuru wa mteja, ni zaidi ya milioni 1 kwa hivyo lazima RTGS, hundi ya kiasi hicho haipiti tangu 2009, pesa imetoka kwangu kule haijafika, kumbe imezuiwa ndani ya benki ati mtu fulani aikague kwanza. Mtu fulani mwenyewe hajulikani yuko wapi na saa tisa yaingia. Ningekuwa wa akaunti ya kawaida ningepiga namba ile ya huduma nikapigiwa muziki mpaka Jumatatu, na kontena mbili ziko bandarini siku za bure zimeisha, storage yahesabu, laini ya meli nao wahesabu yao kwa dola. Nikampigia meneja wangu, bibi mmoja wa makamo, akainuka akaenda mwenyewe kwa hao watu, dakika ishirini pesa imefika. Jumamosi kontena nje. Siku moja kama hiyo yalipa mwaka mzima.

Lakini niseme ukweli wangu pia, yule bibi amehamishwa, nimepewa mwengine akaacha kazi, huyu wa sasa ni wa tatu na simu yashikwa akipenda. Kwa hivyo dada usinunue kadi, nunua mtu. Omba ukutane na huyo meneja kabla hujatia sahihi, muulize amekaa tawi hilo miaka mingapi.

binti_wa_leso
Shukran kaka. Lakini kwangu mzigo watolewa na ejenti, hizo presha za bandarini ni zake yeye, mie nalipa tu. Safari nyenyewe ni mara moja kwa mwaka, hiyo launji nitakula sambusa ngapi.

hana_kitu_huru
Mie balansi yangu ni 340 nangoja simu ya praiveti tangu 2019, network itakuwa mbaya huku Likoni

hesabu_za_jioni
Haya sasa umesema la maana dada, kama launji si yako na presha za bandari si zako basi nyama imebaki moja tu, reti ya dola. Wewe wanunua dola 160,000 kwa mwaka. Kila shilingi moja utakayopunguziwa ni 160,000 mfukoni, nusu shilingi ni 80,000. Hapo ndipo benki yakula kwako kila siku bila kelele na wala hawaiiti chaji. Lakini reti yajadiliwa hata ukiwa na akaunti ya kawaida!! Ile namba iliyoandikwa kwa ubao ni ya watalii na watu wa dola mia mbili. Kwa dola 40,000 wapiga simu asubuhi, waomba uongee na dawati la dola lenyewe si kaunta, waambia kiasi, waambia wataka leo. Kabla ya hapo uwe ushapiga benki nyingine ukapewa reti yao. Ukitaja ya jirani utasikia sauti yabadilika.

Na huyo kijana mpole usimchukie, ana target yake. Ukishaingia tu atakuletea bima ya maisha, bima ya elimu na mfuko fulani wa uwekezaji. Siku utakayokataa ya tatu hatakuwa mpole tena.

mzee_wa_kibokoni
Nyie mwapiga hesabu za riba kama kwamba kila mtu yuwala. Binti kama riba huichukui basi hiyo 17,000 ya huyu bwana si yako tangu mwanzo, na sisi wengi hapa mjini tumeziacha pesa zimelala miaka kwa sababu hiyo, benki zikafurahi. Siku hizi kuna benki za kiislamu, tangu 2008 huko, na zile nyingine zina dirisha lao la kiislamu. Uliza akaunti ya mudharaba, pesa yafanyiwa biashara mwagawana faida kwa fungu mlilokubaliana, uwasome masharti vizuri manake zingine zataka pesa ikae miezi. Huenda ukapata kidogo. Lakini ni kidogo ya halali na hukuvishwa kadi nyeusi.

binti_wa_leso
Mzee wangu umenigusa hapo, riba kweli siitaki. Nitaenda kuuliza inshallah.

jirani_wa_nyali
Jamani na hakuna aliyetaja bima ya amana. Benki ikifungwa KDIC, shirika la serikali la bima hiyo, yalipa mpaka 500,000 kwa mtu kwa benki moja, kabla ya 2020 ilikuwa 100,000 tu. Uwe praiveti uwe wa foleni ni hiyo hiyo, na ukiwa na akaunti nne kwa benki moja zajumlishwa zote. Watu wameshasahau benki zilivyofungwa, Imperial 2015 na Chase 2016, waliokuwa na mamilioni walingoja miaka. Sasa hilo sharti la milioni 3 ndani ya benki moja ni kukwambia weka mayai yote hapa na milioni 2.5 kati yake hazina kifuniko.

Kilindini_mchana_usiku
Hapo sina jibu, hiyo point kaka. Yangu nimeigawa benki tatu lakini meneja nimempata mmoja.

binti_wa_leso
Nimerudi na habari. Leo asubuhi nimefanya venye hesabu alivyosema, nikapiga benki mbili, nikaomba dawati la dola, yule wa kwanza akajifanya hanijui mpaka nikamtajia ya jirani. Akashuka senti 60 kwa kila dola. Kwa mzigo huu ni 24,000 kwa simu ya dakika nne na akaunti ni ile ile ya zamani na wala sikuwa na kadi yoyote nyeusi. Wallahi nimefanya biashara miaka kumi na moja sijui kama hiyo namba husogezwa, nikifikiria nilivyotuma yote hiyo miaka naumwa na tumbo.

Kesho naenda kuuliza mudharaba. Yule kijana wa praiveti amenitumia meseji atanipigia Jumatatu tumalize fomu. Mamangu amesema siku hiyo simu niiache kwake.