Nyumba iko wazi, Msomali anaambiwa imechukuliwa. Mpangaji nifanye nini?

MpangajiNgara: Hamjambo. Niko Ngara, Nairobi, orofa ya tatu, na ndimi mweka hazina wa kamati ya maji na takataka. Nyumba inayotazamana na yangu imekaa tupu tangu Pasaka, kibao kipo getini. Juzi nikichota maji pale chini, akaja mama wa Kisomali na bintiye kuiulizia. Keateka hakuinua hata macho kwenye simu: "Imechukuliwa, mama." Jioni hiyo hiyo akampandisha kijana mwingine aione! Nilipomsaili akasema ni agizo la mwenye nyumba, eti ukimpa Msomali mmoja wanahamia ukoo mzima. Mwenye nyumba mwenyewe ni Mhindi, na kodi ikipanda watu humtukania Uhindi wake kwenye kundi letu la WhatsApp. Hayo nayo yananikera. Namba ya yule mama niliiomba. Nianzie wapi bila kufukuzwa?

Baba Tasha: Usijitie kwenye ya wenyewe. Nyumba ni yake. Wewe lipa kodi.

WakiliMdogo: Ni yake, sawa, lakini ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inamkataza mtu yeyote, si serikali tu, kumbagua mwenzake kwa rangi, asili au dini. Ila Mpangaji, usimwendee na vifungu, atakuona mchochezi. Kama hofu yake ni msongamano, mkataba utaje idadi ya wakaaji, na iwe kwa wote. Huyo kijana je, aliulizwa ana ndugu wangapi?

Bint Suleiman: Mimi Msomali, mzaliwa wa Pangani. Kwenye simu ni "karibu dada", nikifika na hijabu nyumba imeshakwenda. Ninapokaa sasa nilipelekwa na jirani hadi kwa mwenye nyumba, jirani akasema huyu namjua, basi. Na matusi ya Wahindi usiyanyamazie. Serikali iliwatambua kuwa kabila la 44 mwaka 2017, bado mtu akidaiwa kodi anawaambia warudi kwao. Kwao wapi? Makhan Singh, Mhindi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru hadharani hapo Kaloleni mwaka 1950, wakamweka kizuizini hadi 1961.

MpangajiNgara: Asanteni. Jumamosi mzee huwa dukani kwake, nitampelekea hilo la idadi. Kwenye kundi nitaandika leo: anayelalamikia kodi aitaje kodi. Bint Suleiman, niende na yule mama au nitangulie?

Bint Suleiman: Tangulia. Asije akasimamishwa mlangoni mara ya pili.