Rangi ya jikoni inabanduka, unga mweupe unatoka ukutani

Wakuu, nyumba iko Nkuhungu, Dodoma. Rangi ya jikoni inavimba na kubanduka, futi mbili kutoka sakafuni. Nianzie wapi kupaka upya?

— Hiyo ni chumvi, mkuu. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, ukikauka unaiacha ukutani. Kwangua mpaka plasta, sugua kwa brashi kavu. Usioshe: maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Kisha acha ukuta ukauke, na hapo msiwe na haraka jamani! Bandika kipande cha nailoni, zungushia selotepu pande zote, kesho yake kikiwa na matone kwa ndani, subiri.

— Chini usipake rangi ya mafuta, inaziba unyevu ndiyo maana inavimba. Ibakize nyuma ya jiko, masizi yanafutika kirahisi.