Jembe Lenye Udongo Mbichi Chini ya Mchungwa wa Baba

Dada Mkubwa (Nyegezi), saa 11:50 alfajiri
Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu habari za kuamka. Sijawasha hata jiko, nimeona niwaandikie kwanza hapa kwenye kundi letu la familia kabla ndoto ya usiku huu haijanichujuka. Nilikuwa Nansio, kule Ukerewe, nyuma ya nyumba ya marehemu baba, mbele ya ule mchungwa wake. Majani yalikuwa mazito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, lakini nilifunua tawi baada ya tawi nisione hata chungwa moja. Ziwa lilikuwa jeusi, na mbali ziliwaka karabai za wavuvi wa dagaa. Nilipoinama nikakuta shina limepaliliwa, na jembe la baba, lile lenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, limeegemezwa hapo huku udongo mbichi ukidondoka. Mtu hakuwepo. Sijui niogope au nishukuru.

Mdogo wako (Kirumba)
Pole sana dada. Mimi moyo umenishtuka, kwa sababu katika Danieli sura ya 4 mfalme Nebukadneza aliota mti, na amri ikatoka mbinguni kwamba ukatwe. Naomba leo tufunge na kusali.

Baba Mdogo (Igoma)
Marahaba wanangu. Kusali ni vyema, ila tusitishane. Mti wa Nebukadneza ulikuwa na matunda tele, na hata ulipokatwa kisiki kiliachwa ardhini, na mfalme akarudishiwa enzi yake. Katika miaka yangu ya ukatekista nimeona watu wengi wakikimbilia tafsiri, ilhali Yusufu mwenyewe, kabla hajafasiri ule mzabibu wa matawi matatu gerezani, alitamka kwanza kwamba kufasiri ni kwa Mungu. Kitabu cha Mhubiri nacho kinatukumbusha kuwa ndoto huja kwa wingi wa shughuli, kwa hiyo nakuuliza, mwanangu, ni jambo gani limekuwa likikulaza macho siku hizi?
Mimi jembe ndilo lililonigusa. Katika Luka sura ya 13 mwenye shamba alitaka mtini ukatwe kwa kuwa alitafuta tunda miaka mitatu asipate, lakini mtunzaji akamsihi auache mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Wewe hukuona shoka popote, umeona jembe, tena udongo wake haujakauka.

Shemeji (Kirumba)
Kwetu Waislamu Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa ndoto ni za aina tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu huizungumzia nafsi yake. Aliagiza pia kwamba njema asimulizwe yule umpendaye tu. Umefanya vyema, shemeji, kuileta hapa nyumbani.

Dada Mkubwa
Baba Mdogo, umeuliza na sitaficha. Ni mwanangu wa kwanza. Tangu alipoondoka kwa hasira kwenda kambi ya dagaa upande wa kisiwa cha Ukara hajanipigia simu, na mimi, kwa kiburi cha mzazi, nimekuwa nikisubiri aanze yeye. Huu ni mwaka wa tatu. Ulipoitaja hiyo miaka mitatu, mikono ilinitetemeka.

Shangazi (Nansio)
Mwanangu, asubuhi hii nimesimama chini ya mchungwa huo. Kaka yangu aliupanda kwa mbegu, haukuwa mche wa kubebesha unaozaa baada ya miaka mitatu au minne. Tulikaa miaka tisa tunapita chini yake tukila kivuli, majirani wakimshauri aufanye kuni, na kila masika yeye anauchimbia na kuutia mavi ya ng'ombe. Chungwa la kwanza alilimenya akamgawia kila mtoto kipande kimoja kimoja, nawe ulikuwepo.
Jingine ni hili. Juma hili ni mbalamwezi, na wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa hazivuti samaki mwezi ukiwaka. Vijana wote wako kambini wanashona nyavu. Giza likirudi utamkosa.

Baba Mdogo
Basi nenda, mwanangu. Nauli nitakutumia sasa hivi.

Dada Mkubwa
Nimewaelewa wazee wangu. Kesho napanda meli ya Nansio, kisha nitavuka hadi Ukara kwa kivuko cha Bugolora. Shuka lake alilosahau kitandani nimeshalikunja, na naanza nalo kulipakia.