Kaweka kikombe cha chai juu ya disketi yangu!

Wakuu, nimetoka kwenye ile semina sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa tai ya njano, ambaye penye kipaza sauti na maji ya chupa hakosekani. Leo kapewa mada ya historia ya kompyuta. Historia! Yeye!

Kaweka kikombe cha chai juu ya disketi yangu.

Nilitoka nayo nyumbani ndani ya bahasha. Disketi yenyewe, ile ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta zamani, ni ya inchi 5.25, nyeusi, laini, ina tundu katikati na kidirisha kirefu ambapo sumaku yenyewe iko wazi, hata kidole hakitakiwi kugusa. Lebo yake ina mwandiko wa marehemu mwalimu wangu aliyenifundisha WordStar, programu ya kuandikia, mwaka 1989. Nikamwekea mezani kwa heshima zote ili awaonyeshe vijana. Yeye anaongea tu, kapokea kikombe, chai inafuka mvuke, akakitua. Chini hakuangalia. Disketi imekuwa kisahani!

Na alichokuwa anaongea sasa. Eti kompyuta binafsi ilivumbuliwa na Bill Gates. Vijana wanaandika kwenye madaftari! Gates na Paul Allen waliandika BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya kompyuta ya Altair 8800. Mashine yenyewe ni ya MITS, kampuni ya Ed Roberts kule Albuquerque, ilitoka kwenye jalada la Popular Electronics, toleo la Januari 1975. Sanduku halina kioo wala kibodi. Unapandisha swichi, unashusha swichi, linakujibu kwa vitaa. Watu walilinunua vipande vipande wakakesha wanalehemu wenyewe, na leo jasho lao lote anapewa mtu mmoja kwa sababu ana hela!

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa adabu kabisa. Akanijibu, "Mzee wangu, tuwaachie vijana nafasi." Akanywa funda moja, akarudisha kikombe PALEPALE.

Halafu eti kipanya cha kompyuta kilianza na Macintosh ya Apple, 1984. Mvumbuzi wake, Douglas Engelbart, alikionyesha mbele ya ukumbi mzima San Francisco tarehe 9 Desemba 1968! Na cha kwanza kabisa kilikuwa cha mbao! Hiyo ni miaka 16, mtoto anazaliwa mpaka anakaa kwenye mtihani wa kidato cha nne.

Mwisho nilikiinua kikombe mwenyewe. Kuna duara. Duara la chai limepita katikati ya jina la mwalimu wangu, na ganda limejikunja. Hela yake siitaki. Aombe radhi mbele ya vijana walewale.

Kigoda_Mbele: Nimeshakaa. Huyo huyo kwenye semina ya kilimo alituambia asili ya mahindi ni Iringa. Watu wakapiga makofi.

dogo_wa_chipu: Disketi ya KB 360 mkuu? Picha yangu moja ya simu haiingii humo. Ningekuwa mimi ningeongeza na sahani ya maandazi.

Mleta uzi: Nani kazungumzia ukubwa? Ule ni MWANDIKO wa mtu aliyekwisha kufa!

MamaChapa: Pole sana kaka. Mie nilianza na taipureta, WordStar nikaikuta ofisini, mpaka leo vidole vinakumbuka Ctrl K halafu D ya kusevu. Huyo mtu hajawahi kushika kitu akakihurumia.

Kumbukumbu74: Historia ya hapa kwetu Tanzania aliigusa? Kwamba Wizara ya Fedha ilifungiwa ICT 1500 mwaka 1965, ndiyo kompyuta ya kwanza nchini, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta? Watu wa Albuquerque wanalehemu Altair, sisi hata kuileta ni kosa. Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe mada nzima.

Mleta uzi: Hakugusa hata neno. Alikuwa anakunywa chai. JUU YA DISKETI.

tasnifu_yangu: Afadhali wewe una duara. Mimi nilipeleka tasnifu ikachapwe pale stesheneri ya uchochoroni, kurasa 80, umeme ukakatika kwenye ukurasa wa 79. Kijana ananiambia hakusevu na hela hairudi.

dogo_wa_chipu: Hahaha, wa viatu vya yeboyebo? Flashi yangu iliingia kwake nzima, ikatoka mafaili yote yamegeuka shotikati.

tasnifu_yangu: NDIYE! Na anakula kipilipili juu ya kibodi, herufi A haibonyezeki mpaka uikandamize kwa kalamu!

MamaChapa: Herufi A! Ndiyo maana cheti cha mwanangu wa ubatizo kilitoka "Mri".

Gari_Bovu: Samahani, nimechelewa. Hivyo vipanya vya 1968 vya mbao vilikuwa vinapita Mbagala au Gongo la Mboto?

Mleta uzi: Jamani, disketi.

Kigoda_Mbele: Vipanya usinikumbushe. Tulikuwa tunakaa wanne kwenye siti ya watatu, na konda anasema sogea kuna nafasi.

Gari_Bovu: Konda yupi, yule wa kofia nyekundu? Ana mia tano yangu, aliniambia nitakupa chenji ukishuka, nikashuka, gari ikaondoka.

tasnifu_yangu: Hata mimi! Mia tano hiyohiyo!