Msaada wakuu: Jumamosi nakodi tena mashine ya kutoboa nyasi, mwaka jana ilinivuta hadi kwenye uzio wa jirani

MbebaBoksi (mwanzisha uzi), Jumanne usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Columbus, Ohio, mwaka wa tatu tangu tuhamie nyumba yenye uwanja. Huku nyasi za mbele zikiwa na mapara majirani hawakusemi, wanakuangalia tu. Udongo wa hapa ni mfinyanzi mtupu. Ukimwagilia, maji yanatiririka kwenda barabarani, hayazami. Mzee mmoja wa mtaani akaniambia dawa yake ni kutoboa: kuna mashine unaisukuma kwa nyuma, ina meno yenye tundu kama vibomba, inachomoa vipande vya udongo ili maji na hewa vipate njia ya kufika kwenye mizizi. Wenyewe wanaiita eireta.

Mwaka jana nikaikodi. Kijana wa dukani akanipakilia kwenye trela, akasema "rahisi tu," akarudi ndani kwenye kiyoyozi chake. Nafika nyumbani, nawasha, nabana ule mkono wa kuendeshea, mashine ikaruka kama ndama aliyefunguliwa zizini. Badala ya kuachia, mimi nikazidi kubana. Ilinikokota mita kama sita, ikapanda juu ya springla (kile kichwa cha bomba kinachorusha maji kwenye nyasi) na kuivunja, ikaenda kutulia kwenye uzio wa jirani. Mke wangu alikuwa dirishani anarekodi. Video ipo kwenye kundi la ukoo, na shangazi yangu wa Tanga huirusha upya kila Idi.

Jumamosi hii nimeshalipia tena, masaa manne. Nina watoto wawili wadogo, na nyuma ya nyumba kuna mteremko. Nataka mwenye uzoefu aniambie tangu dukani hadi kurudisha. Matusi nitayapokea baada ya ushauri.

Kiroboto, Jumanne usiku

Wenzako huku tunafyeka kwa slesha tunaingia kulala, wewe unalipa dola kutoboa ardhi 😂 Weka video kwanza ndiyo tushauri.

Fundi Plagi, Jumanne usiku

Kiroboto muache mwenzio.

MbebaBoksi, kosa lako ni lile la kila anayeishika mara ya kwanza. Mashine nyingi za kukodi hazivutwi na matairi. Yale meno yenyewe ndiyo yanayozunguka na kung'ata udongo, na kwa kung'ata huko ndiyo mashine inakwenda mbele. Ukibana mkono, mkanda unakazwa, mnyororo unazungusha meno, safari imeanza, na uzito wake ni kilo mia na zaidi. Huwezi kushindana nayo kwa misuli. Breki yako ni kuachia. Vidole vikitoka kwenye ule mkono, meno yanasimama.

Kwa hiyo usiondoke dukani kabla hujaona likifanyika. Mwambie kijana aiwashe palepale, abane, aachie, wewe unatazama meno. Yakiendelea kuzunguka baada ya kuachia, mwachie mashine yake. Tazama pia kama vifuniko vya mkanda na mnyororo vipo na vimefungwa boliti zote. Za kukodi hupita mikono mingi, na kuna watu wakiona kifuniko kinapiga kelele wanakitupa.

Oili. Injini nyingi za hizi mashine ni stroku nne, kama zile za jenereta na pampu za maji. Simamisha mashine sehemu iliyolala sawa, fungua kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe bila kukikaza kwenye uzi, kisha chomoa utazame. Kwenye aina nyingi za injini hizi ndivyo inavyopimwa. Ukikikaza kitazama zaidi na kukudanganya kwamba oili ipo. Nyingine zina kinga: oili ikipungua haziwaki kabisa, na wewe utavuta kamba hadi bega liteguke ukidhani plagi imekufa.

Mama Kelvin, Jumatano asubuhi

Kaka, kabla ya mashine, piga 811 leo hii. Usingoje kesho. Ni bure. Hapo Ohio wanataka angalau saa 48, na wikiendi hazihesabiwi, ndiyo waje waonyeshe nyaya na mabomba yaliyopita chini. Watapiga rangi na kuchomeka vibendera: nyekundu umeme, njano gesi, chungwa simu na intaneti, bluu maji, kijani maji taka.

Mimi niko Minnesota. Mume wangu alisema meno yenyewe yanaingia inchi tatu tu, yatafika wapi? Waya wa intaneti ulikuwa umelazwa chini ya nyasi kama uzi wa pindo. Tulikaa siku nne bila mtandao, na mimi nafanya kazi nyumbani. Siku nne hizo alipika yeye.

Halafu jua kwamba wale wa 811 hawaonyeshi vya kwako mwenyewe. Mabomba ya springla, waya wa kuzuia mbwa, bomba la gesi linalokwenda kwenye jiko la nje, umeme wa kibanda, hivyo utafute wewe. Springla ziwashe dakika moja, kila kichwa kinapochomoza chomeka kibendera pembeni yake, kisha zima.

MbebaBoksi, Jumatano asubuhi

Dada, nimepiga sasa hivi nikiwa mapumziko ya kazini. Ubarikiwe. Sikujua kabisa, mwaka jana nilitoboa kwa imani.

Ukoka Original, Jumatano mchana

Mimi ni mtu wa viwanja, niko Nairobi, nimefanya kazi ya nyasi za gofu miaka mingi. Sisi kwenye grini, pale penye shimo la mpira, tunatoboa kwa meno membamba halafu tunafukia mashimo na mchanga. Kwako nyumbani mchanga hauhitajiki, na kwenye mfinyanzi kumwaga kidogokidogo bila mpango ni kujitafutia saruji.

Angalia unyevu. Udongo mkavu, meno yanadunda juu, mashine inarukaruka na kukutikisa hadi meno yako wewe. Udongo wa tope, vibomba vinaziba na unakanyaga matope yagandamane zaidi. Kama mvua haijanyesha, mwagilia Alhamisi usiku, kama inchi moja hivi, Ijumaa uache maji yashuke. Jumamosi asubuhi chukua bisibisi uichome kwa mkono. Ikiingia bila kuipigia kelele, twende. Ikitoka na tope linalonata, ngoja.

Majira umepatia. Nyasi za baridi kama fescue na bluegrass, Septemba ndiyo wakati wake, zinaanza kuchangamka joto likishuka. Anayeishi Texas au Georgia na nyasi za joto, hizi jamaa ya ukoka wetu, huyo atoboe mwishoni mwa masika yao au kiangazi kinapoanza, si sasa.

Mjuaji Tu, Jumatano jioni

Mnamtisha bure. Mimi ule mkono nafunga na zip tai, naendesha kwa raha vidole havichoki. Au nunua zile sandali zenye misumari, unatembea nazo uwanjani, kazi imekwisha.

Fundi Plagi, Jumatano jioni

Mkuu, hiyo zip tai ndiyo inayozika watu. Ule mkono upo ili ukijikwaa mashine isimame. Ukiufunga, ukianguka mashine inaendelea, na mbele kuna watoto. MbebaBoksi, ukikuta mashine dukani ina alama ya tepu au kamba kwenye mkono, omba nyingine.

Ukoka Original, Jumatano jioni

Na zile sandali, msumari hautoi udongo, unausukuma pembeni tu. Kuta za shimo zinakuwa ngumu kuliko mwanzo. Unachotaka ni kipande kitoke.

Mkulima wa Mbarali, Jumatano usiku

Mimi hiyo mashine yenu sijaiona ila pawatila naijua, na naona ni ndugu. Nina neno moja. Rafiki yangu alikuwa anatoa nyasi zilizojiviringisha kwenye visu, injini inanguruma taratibu, klachi ameitoa. Alikuwa anaongea na mimi huku anafanya. Mkono wa shati ukagusa wenzo wa klachi. Leo anasalimia kwa mkono wa kushoto.

Jiwe likikwama kwenye meno, zima kabisa. Subiri yasimame. Chomoa kofia ya plagi uiweke mbali na plagi. Halafu tumia kijiti, usitumie vidole. Hata kama umebakiza mita mbili kumaliza.

MbebaBoksi, Jumatano usiku

Mzee wa Mbarali umenikausha mate. Mwaka jana nilitoa jiwe kwa mkono injini ikiwa inawaka.

Vipi kuhusu kuwasha na kugeuza? Kwenye kona ndipo niliposhindwa kabisa.

Fundi Plagi, Alhamisi asubuhi

Washa nje, si ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa petroli hauna huruma, na ule unaoua hauna harufu.

Fungua koki ya mafuta, funga choki (kile kiwiko cha kupunguza hewa inayoingia) kama injini ni baridi, akseleta iwe chini kidogo, swichi iwashe. Simama imara, hakikisha mkono wa kuendeshea hujaubana. Vuta kamba polepole hadi uhisi inakaza, hapo ndipo uvute kwa nguvu. Usiiachie irudi yenyewe kwa kishindo, isindikize. Ikiwaka, fungua choki taratibu. Ikizimika kati na injini ina moto, choki haihitajiki tena.

Petroli tia ya kawaida, isizidi ethanoli asilimia 10. Dumu lijaze likiwa chini sakafuni pale kituoni, si ndani ya buti la gari, cheche za umemetuli zimewahi kuchoma watu. Ikiisha katikati ya kazi, zima na usubiri injini ipoe kabla ya kumimina.

Kugeuza: ukikaribia mwisho, achia, simama. Nyanyua meno yatoke ardhini, kwenye nyingi unakandamiza mishikio chini au kuna wenzo wa kuyapandisha. Zungusha mashine meno yakiwa juu, panga mstari, shusha, bana tena. Ukilazimisha kona meno yakiwa ndani ya udongo utapasua nyasi na kupinda meno, na amana yako itabaki dukani. Mistari miwili ya mwanzo enda kwa akseleta ndogo, katikati ya uwanja, mbele kuwe kweupe. Usirudi kinyumenyume ukiivuta inakujia.

Kijana wa Bukavu, Alhamisi mchana

Ndugu, nafanya kazi ya bustani hapa Ohio, nazitumia hizi kila mwaka. Kwa ule mteremko: soma kibandiko kwenye mashine, wanaandika nyuzi za mwisho za mteremko. Kama mwenyewe ukitembea hapo na umande kiatu kinateleza, mashine usiipeleke. Tena usisimame upande wa chini yake. Sehemu hiyo itoboe kwa uma wa mkono wenye vibomba, ni kazi ya jasho lakini inaisha.

Kushusha kwenye trela muwe watu wawili. Na usiilaze ubavu, oili itaingia isipotakiwa na hutaiwasha tena siku hiyo. Koki ya mafuta funga njiani, mikanda minne ya kufungia, moja haitoshi.

Vaa buti, suruali ndefu isiyopwaya, miwani, na vifunika masikio. Hiyo kelele ya masaa matatu utaisikia hadi kitandani.

Mama Kelvin, Alhamisi mchana

Na watoto wakae ndani na mama yao mlango ukiwa umefungwa. Simu ya kurekodia pia ifungiwe huko 😄

MbebaBoksi, Jumamosi jioni

Wakuu, mrejesho.

Watu wa 811 walikuja Ijumaa asubuhi. Mstari wa chungwa umepita katikati ya uwanja wa mbele kabisa, palepale nilipopita mwaka jana. Sijui ulisalimikaje. Nimeacha nafasi pande zote mbili za mstari bila kutoboa.

Dukani nilikuta kijana yuleyule. Nikamwomba awashe na aachie. Mashine ya kwanza meno yaliendelea kuzunguka kidogo baada ya kuachia. Akasema "kawaida hiyo." Nikasema naomba ile nyingine. Hakupenda, lakini alinipa, na hiyo ilisimama papo hapo.

Bisibisi iliingia kama kwenye ugali. Mstari wa kwanza nilienda na akseleta ndogo, mikono inatetemeka kusema kweli. Karibu na mti ikaruka juu ya mzizi, na vidole vikaachia vyenyewe kabla sijafikiri. Ikasimama hatua moja mbele yangu. Nikakaa chini dakika mbili, nikanywa maji.

Jiwe lilikwama mara moja. Kofia ya plagi nilitaka kuitia mfukoni, lakini haitoki kwenye waya, basi niliishika pembeni huku nawaza ule mkono wa kushoto. Kijiti kilivunjika, jiwe likatoka.

Nimepita mara mbili, kwa urefu kisha kwa kukatisha. Uwanja umejaa vipande kama mavi ya bata bukini. Nauliza: nivikusanye au?

Ukoka Original, Jumamosi usiku

Viache. Mvua mbili tatu na wiki mbili hivi vitavunjika vyenyewe na kurudi ardhini. Mbegu za fescue mwaga kesho, mashimo yakiwa bado wazi, na umwagilie kidogo kila siku hadi zichipue.

MbebaBoksi, Jumamosi usiku

Poa mkuu. Mashine nimeirudisha dakika ishirini kabla ya muda, amana imerudi yote. Ule mteremko nimeanza na uma wa mkono, nimefika nusu, mgongo umegoma. Jirani mwenye uzio alitoka akasimama kwenye kibaraza chake muda wote, kikombe cha kahawa mkononi, hakusema neno. Nilipomaliza akauliza kama mwakani tunaweza kugawana gharama.

Kiroboto, Jumamosi usiku

Sasa video ya mwaka jana inakuja lini?