Msaada: transisheni zinanimalizia usiku, video ya harusi nakabidhi Jumamosi

Mpigapicha_Nyakato
Wakuu, habari za usiku. Nipo Mwanza, nahariri video za harusi kwa Premiere Pro. Klipu, yaani vipande vya video, zinakaribia 200. Kila zinapokutana mbili, nafuata transisheni (ile ya kubadilisha picha moja kwenda nyingine) kule pembeni, naivuta, naidondosha, narekebisha urefu. Tangu jana nimemaliza kanisani tu. Bado Capri Point kule ziwani, na ukumbini. Halafu pale bibi harusi anaposhuka kwenye kivuko cha Kamanga, programu inaniambia picha hazitoshi. Nikilazimisha, uso wake unaganda kabla ya picha kubadilika. Wenye uzoefu mnafanyaje? Sitaki kuwaharibia watu siku yao.

JichoLaZiwa
Pole mkuu. Tuanze na huko kuganda. Transisheni inakula picha za pande zote mbili. Ukiweka ya sekunde 1 katikati ya mkato, yaani pale klipu mbili zinapokutana, kwa fremu (picha mojamoja za video) 25 kwa sekunde, klipu ya kwanza inatakiwa ibaki na fremu 12 au 13 za akiba baada ya ulipokata, na ya pili iwe nazo kabla ya ulipoanzia. Akiba isipokuwepo, programu inarudia fremu ileile moja. Ikuze ile transisheni utaiona ina mistari ya mshazari. Punguza klipu kidogo hapo zinapokutana, kisha weka upya. Na siku nyingine ukiwa kazini usiwahi kuzima kamera. Tukio likiisha, hesabu hadi tatu ndipo uzime.

Kuhusu kasi: bofya kulia transisheni unayoipenda, ifanye kuwa ya kawaida ya programu. Urefu wake upange mara moja kwenye mipangilio. Kisha zungushia klipu unazotaka, bonyeza Shift+D. Zote zinaingia kwa mpigo, picha na sauti. Ukitaka sehemu moja tu, gusa mkato, Ctrl+D.

BintiIgoma
Hayo ya JichoLaZiwa ni kweli tupu, lakini mimi naomba usiziweke kote. Nina kazi moja inayoniuma hadi leo. Mama wa bibi harusi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge wakati wa kumkabidhi binti, kitendo cha sekunde moja hivi. Nikaweka picha iyeyukie kwenye keki. Mama alipoitazama akaniuliza, "Mwanangu, mbona mimi sionekani?" Sikuwa na jibu.

Watu wakiwa wanacheza, kata moja kwa moja kwenye mdundo. Kuyeyusha weka pale tu mnapohama mahali au muda unapopita: kanisani kwenda ziwani, ziwani kwenda ukumbini. Hapo napo jaribu kutanguliza sauti. Acha muziki wa ukumbini uanze kusikika tukiwa bado tunatazama maji, halafu ndipo ukate.

Mzee_wa_Taa
Sisi wa DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, kuweka transisheni ni Ctrl+T. Suala la akiba ni lilelile.

Mpigapicha_Nyakato
Wakuu, nimerudi. Nimefuta karibu zote, zimebaki 9. Pale kivukoni nimepunguza mwisho wa klipu, na kwenye inayofuata nimekuta mawimbi ya sekunde 2 niliyokuwa nimeyakata. Sasa bibi harusi anakanyaga nchi kavu, anainua gauni, picha ya maji inaingia taratibu juu yake. Hagandi tena. BintiIgoma, sehemu ya wazazi nimeiacha bila transisheni hata moja. Naenda ukumbini sasa.