Pesa ya mheshimiwa madhabahuni: tupokee au turudishe?

Mama wa Kwaya, Kayole

Wapendwa, naomba tushauriane kwa moyo safi. Mnakumbuka Novemba 2024 Rais Ruto alipokuja ibadani katika kanisa Katoliki la Soweto, hapa kwetu Kayole, akatoa zaidi ya shilingi milioni 2 na kuahidi basi la parokia. Haikupita wiki, Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru zirudishwe. Sisi si Wakatoliki, na kanisa letu ni la mabati, lakini jambo lile lile limetufikia. Mwanasiasa mmoja wa mtaani ametuma mjumbe kwamba ana shilingi 300,000 za kutujengea choo na kutuzungushia ua. Anachotaka ni dakika tano tu za kusalimia waumini Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Choo tunakihitaji, sitaficha. Watoto wa Sande skuli huvuka barabara kwenda kwa jirani, na mvua ikinyesha wanarudi matope hadi magotini. Hata hivyo nimesema tukatae. Wazee wawili wameniambia najifanya malaika. Kamati inakaa Jumamosi. Anayemfuata Yesu afanye nini hapa?

Kijana wa Zimmerman

Mkatae, mama. Machi 2025 kanisa moja hapa Roysambu lilipewa na Rais milioni 20. Jumapili iliyofuata vijana tukaenda kuuliza maswali, tukajibiwa kwa vitoa machozi. Nilikuwepo. Nilinawa macho nyuma ya kibanda cha mama mboga huku ndani wakiimba. Nikajiuliza, Yesu angepita Thika Road asubuhi ile, angeingia kuimba au angesimama na sisi nje? Jibu langu ninalo. Hata Anglikana waliwafungia wanasiasa madhabahu baada ya maandamano yetu vijana ya 2024 ya kupinga kodi.

Mwalimu Mstaafu, Kabete

Pole kwa macho, kijana, ila tarehe tuiweke sawa. Askofu Mkuu Ole Sapit alikataza siasa madhabahuni Septemba 2021, kule Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa dayosisi hiyo. Mwanasiasa Raila Odinga mwenyewe alikuwa ameketi mle ndani. Hayo ni karibu miaka mitatu kabla ya maandamano yenu.

Tena msidhani msimamo ulianzia hapo. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa na polisi pale Uhuru Park, kanisa kuu la Anglikana la All Saints liliwafungulia mlango, wakaishi katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Siku ya maandamano ya Saba Saba, Julai 7, 1997, polisi wakaingia humo humo wakapiga watu kwa rungu. Sasa niambieni, kanisa lililojengewa choo na mheshimiwa lingethubutu kufungua mlango ule? Mama, pesa ile hainunui dakika tano. Inanunua siku ambayo mtahitaji kusema, mkashindwa kufungua kinywa.

Dereva 125

Nimesoma yote. Mnazungumza vizuri juu ya milioni za Rais kwa sababu hazijawahi kupita mikononi mwenu. Mimi naendesha matatu laini ya Rongai mwaka wa tisa. Kila asubuhi kabla hakujapambazuka makanga wangu anamtolea askari wa barabarani mkono dirishani na noti ya mia, jioni tena. Mwenye gari anangoja hesabu yake. Nikikataa, gari linaegeshwa kando saa mbili nzima na abiria wanashuka wakinitukana mimi, si yule aliyelisimamisha.

Jumapili natoa fungu la kumi kwenye pesa hiyo hiyo, na hakuna mchungaji aliyewahi kuniuliza imepitia wapi. Na nyinyi mliookoka mmekaa nyuma yangu, mnaona mkono ukitoka, mnageuza uso, safari inaendelea. Sasa mnauliza choo! Rudisheni kwanza hiyo mia. Halafu makarao, hao polisi, wenyewe ni wale wale wote, chakula chao ni jasho letu, na Jumapili utawakuta mstari wa mbele na Biblia yenye zipu.

Mke wa Askari

Biblia yenye zipu ni ya mume wangu. Nimeinunua mimi.

Ni polisi, mwaka wa kumi na sita sasa. Mwaka 2019 alikataa kugawana ya barabarani. Hakuhubiriwa na mtu, alikuwa amesoma Luka 3, pale askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji, na sisi tufanye nini? Akawaambia wasidhulumu mtu na mishahara yao iwatoshe. Siku hiyo alirudi nyumbani akaniambia, mama Junior, kuanzia kesho mboga itapungua. Mwezi haukuisha, barua ya uhamisho ikafika. Mbali sana, mahali ambapo hatungeweza kuhamisha watoto. Miaka mitatu nililea peke yangu katika chumba kimoja Umoja. Mtoto wa pili alizaliwa babake akiwa huko.

Kwa hivyo ndugu dereva, ukiandika "wote" kumbuka kuna nyumba ambayo "wote" inaingia na kukaa mezani na watoto.

Dereva 125

Pole mama, kwa kweli. Lakini mimi simjui mume wako, nawajua wanaonisimamisha. Mmoja mwema hanirudishii mia zangu. Akikataa yeye, anawekwa mwingine pale pale, na bei inapanda.

Muuza Mitumba, Gikomba

Mnachanganya mambo mawili. Anayeshikwa koo hatoi hongo, anaporwa. Yesu alisema anayekulazimisha maili moja nenda naye mbili, na waliokuwa wakilazimisha watu ni askari wa Roma wenye mizigo yao. Hakusema mgomeeni. Nilipoteza kila kitu katika moto wa Juni 2018, nikaanza tena na nguo za kupanga chini. Askari wa jiji akija kunibebea bidhaa, nampa 200 watoto wangu wale. Dhambi ni ya anayechukua. Hata Kutoka 23 inasema usipokee rushwa. Soma vizuri, haijasema usitoe.

Kijana wa Zimmerman

Dada, ile maili ya pili unaibeba mwenyewe mgongoni. Wewe hubebi kitu, unanunua njia ya mkato, na mwenzako asiye na 200 ndiye anayetupwa kwenye lori. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, inafika miaka 10 jela. Nyinyi ndio mnawafunza hao askari kwamba biashara ina ushuru wa pili.

Muuza Mitumba, Gikomba

Kijana, una watoto wangapi? Umewahi kukimbia na bonge la nguo kichwani na mtoto mgongoni kutoka Muthurwa? Yule mwenzangu aliyetupwa kwenye lori, muuza ndizi, unajua nani alikwenda kumtoa? Mimi. Kwa pesa yangu ya karo. Usinifundishe jirani yangu ni nani kwa sababu umevuta moshi Jumapili moja.

Kijana wa Zimmerman

Si Jumapili moja. Nimezika rafiki Juni ile ya 2024. Kwa hivyo tusipimane machungu hapa.

Muuza Mitumba, Gikomba

Hilo sikulijua. Nisamehe. Lakini hoja yangu sijaiondoa.

Katekista, Kariobangi

Naomba nirudi kwa mama wa Kayole. Mwaka ule vijana walimwita Rais Zakayo kwa sababu ya kodi, wakaimba ashuke. Hadithi ina sehemu ya pili ambayo haikuimbwa. Yesu alikwenda kula nyumbani kwa Zakayo, hakuogopa kuchafuka. Zakayo akasimama akasema nusu ya mali naipa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Angalieni pesa ilikokwenda. Haikuingia katika mfuko wa Yesu na wanafunzi wake, ingawa mfuko walikuwa nao na Yuda ndiye aliyeushika. Ilirudi kwa waliodhulumiwa. Kwa hivyo mama, mwambieni huyo mheshimiwa karibu ibadani, aketi kama wengine, asikie neno. Pesa yake aipeleke kwa watu wa wadi, kwa jina la wadi. Choo cha kanisa wajenge wenye kanisa, hata kama ni tofali moja moja.

Dereva 125

Katekista, hao wa kurudishiwa mara nne mimi nimo. Piga hesabu, mia mbili kwa siku, siku sita, miaka tisa. Nani atanipa?

Mwalimu Mstaafu, Kabete

Nimekaa nikiwasoma nyote tangu jioni, sasa niseme nilichokiona kwa macho. Uamsho uliotoka Rwanda ulifika huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Babangu aliokoka ndani yake, akifanya kazi katika shamba la Mzungu upande wa Limuru. Ndugu wa uamsho hawakukuuliza umejazwa nini, walikuuliza umerudisha nini. Baba alikuwa na jembe la shamba lile nyumbani, na blanketi mbili. Alivifunga akavibeba kwa miguu hadi kwa yule Mzungu, akasema hivi ni vyako, niliiba. Akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Mama alilia wiki nzima, kwa sababu hakukuwa na akiba hata ya chumvi.

Vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, ndugu wale wale walikataa kiapo, na wengi wao walikataa pia bunduki ya serikali. Walipigwa na pande zote mbili, na wako waliouawa. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka mlango wetu ukigongwa usiku. Baba hakuwa jasiri, mikono yake ilitetemeka. Lakini lile jembe lilikuwa limemfunza. Aliyeweza kurudisha jembe hakupata shida kujua aseme nini mlangoni.

Ndiyo maana dereva, sikudharau. Naona mia yako ndiyo jembe lako.

Dereva 125

Mwalimu, kwa heshima zote, babako alirudisha jembe mara moja. Mimi ni kila siku, saa kumi na moja alfajiri, na gari si langu. Nikipoteza kazi hii kuna madereva ishirini steji wanaongoja funguo. Na nina mzazi anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki. Msinifanye nionekane kama napenda.

Mke wa Askari

Hakuna anayesema unapenda. Acha nikuulize kitu ambacho mume wangu ameniambia nikuulize, amesoma haya yote akiwa hapa kando yangu. Gari lako lina kasoro? Anasema aliposimama barabarani, magari yaliyotoa haraka bila kuulizwa yalikuwa na kitu. Bima imekwisha, tairi limelika, abiria wamezidi. Anasema gari safi lina nguvu ya kungoja. Lisilo safi halina la kusema.

Kijana wa Zimmerman

Swali zuri hilo.

Muuza Mitumba, Gikomba

Swali la kipolisi! Mtu amewaeleza habari za mzazi wake mgonjwa, mnamfanyia ukaguzi.

Mama wa Kwaya, Kayole

Wapendwa, yote mnayosema yananigusa, lakini kamati yangu ni Jumamosi na nimesikia jibu la katekista peke yake. Tofali moja moja nimelipenda. Sisi ni watu kama mia na ishirini, wengi vibarua wa siku. Kila nyumba ikitoa 50 kwa wiki tutafika Krismasi tukiwa na shimo na kuta. Mzee mmoja atasema watoto wangoje hadi Krismasi kwa sababu ya dhamiri yangu? Hapo nimjibu nini?

Dereva 125

Nitajibu la mama wa askari kwanza, kwa sababu nimelala nalo.

Ndiyo, lina kasoro. Taa ya breki ya kushoto haiwaki tangu Februari. Mwenye gari nimemwambia mara tatu, anasema endelea. Mkanda wa kiti cha nyuma kabisa umekatika. Hiyo mia nilikuwa najiambia ni ya uchoyo wa askari. Kwa kweli siku nyingine ni ya taa yangu. Wako wanaotaka hata gari likiwa safi, hilo silifuti, nimepitia. Lakini asubuhi hii nikimwona makanga anakunja noti nimejua nanunua nini. Kuna pikipiki nyuma yangu kila jioni Lang'ata Road, giza limeingia, haoni ninapofunga breki. Hilo ndilo limeniuma, kuliko fungu la kumi.

Mke wa Askari

Asante kwa kusema. Mume wangu anasema pia: msimlaumu peke yake, aliyeiona taa ile akachukua mia akamwacha aende ndiye aliyemwacha yule wa pikipiki gizani. Amesema hivyo akatoka nje.

Fundi, Kirinyaga Road

Mimi si mwandishi, huwa nasoma tu. Dereva, hiyo ni matatu ya viti 33 au 14? Mara nyingi taa ikikufa upande mmoja si waya, ni balbu au kishikio kimeshika kutu. Ni kazi ya dakika ishirini. Niko Grogan, hapa hapa Kirinyaga Road, upande wa mtoni, uliza fundi wa taa. Njoo baada ya trip ya pili, abiria wakipungua. Nunua balbu tu, kazi yangu sitakudai. Mkanda ninao wa gari lililoanguka, bado mzima, nitaufunga.

Dereva 125

Ni ya 33. Nitakuwa hapo saa nne na nusu. Mwenye gari sijamwambia, nitamwambia ikishawaka.

Mama wa Kwaya, Kayole

Fundi, na wewe unajua mtu wa kuchimba shimo la choo kwa bei ya watu maskini?